Salme: Binti wa Sultan Aliyejifunza Kuandika Kisiri, Akahepa Unguja na Ball, na Hakuwahi Kusamehewa

Wiki iliyopita mvua ilinifungia keja hapa Umoja. Stima ilikuwa imepotea, simu iko na asilimia 40, na msee mmoja wa kazi alikuwa amenisumbua mwezi mzima niangalie muvi fulani ya Kijapani ya 1952. Nikasema wacha niimalize hiyo deni. Muvi inaitwa The Life of Oharu, director ni Kenji Mizoguchi na staa ni Kinuyo Tanaka. Haina rangi, ni zaidi ya masaa mawili, na hakuna DJ Afro wa kukurushia maneno ndio usilale. Unasoma maandishi chini ya kioo hivyo tu.

Oharu ni mrembo wa ikulu kule Kyoto, miaka ya 1600. Anapendana na chali wa cheo cha chini. Chali anakatwa kichwa, Oharu na wazazi wake wanafukuzwa mjini. Kutoka hapo kila mtu anamtumia. Anapelekwa kwa bwana mkubwa amzalie mrithi, akishazaa anarudishwa kwao kama sufuria ya kukopa. Buda yake anamuuza danguro juu ya madeni. Anazeeka akitafuta wateja gizani, na yule mtoto aliyezaa akiwa mkubwa wa nchi, mama anaruhusiwa kumwona kwa mbali tu, akipita.

Nililala nimeudhika. Asubuhi nikiwa kwa mat nikaingiwa na wazo kuwa hii stori nishawahi kuijua, na si ya Japani. Ni ya hapa karibu, Unguja, na ilitokea kweli. Huyu wa kwetu alikuwa na kitu moja Oharu hakuwa nayo. Alikuwa anajua kuandika, na hakuna mtu alikuwa amemruhusu.

Anaitwa Sayyida Salme binti Said. Wazungu wanamjua kama Emily Ruete.

Mtoto wa Mtoni

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 kwenye jumba la Mtoni, ufuoni, kaskazini ya Mji Mkongwe. Babake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yule aliyehamishia makao yake Unguja na kuijaza mikarafuu. Mathe wake aliitwa Jilfidan, Mcherkesi kutoka upande wa milima ya Caucasus. Jilfidan hakuja Unguja kwa kupenda. Akiwa mtoto mdogo vita vilipita kwao, wazazi wakauawa, yeye akachukuliwa na kuuzwa, mpaka akafika kwa Sultan kama suria. Hiyo weka akilini, tutairudia.

Mtoni palikuwa kama estate nzima ndani ya ukuta mmoja. Salme mwenyewe baadaye alikadiria watu kama elfu moja walikuwa wanaishi humo: masuria, watoto, watumwa, matowashi, wapishi. Tausi na swara walikuwa wanatembea uani. Lugha zilikuwa nyingi, ukishuka ngazi ni Kiswahili, ukipanda ni Kiarabu, chumba cha pili Kituruki. Sultan alipokufa alikuwa na watoto 36 hai. Ukiwa mmoja wa wale wadogo kwa watoto 36, utajua kujitafutia.

Alikuwa mtundu. Kakake Majid alimfundisha kupanda farasi na kupiga bunduki. Lakini shuleni sheria ilikuwa moja kwa wasichana wote wa jumba: utasoma Kurani, basi. Kuandika ni ya wavulana. Msichana akijua kuandika ataanza kuandikia wanaume barua, ndivyo walivyowaza, na nikikumbuka venye hii stori inaenda, labda hawakuwa wamekosea sana.

Salme akaamua atajifunza. Watoto walikuwa wanatumia mfupa wa bega la ngamia badala ya slate. Akachukua wake, akajificha, akawa ananakili herufi za Kurani moja moja mpaka mkono ukazoea. Hakuna mwalimu. Ilipojulikana, alisemwa vibaya kwelikweli, lakini ni kama hakujali.

Nitasema ukweli, hapo ndipo huyu dem alinishika. Mimi niliacha college mwaka wa pili fees ilipoisha, na sai kuandika ndiyo inalipa rent. Mtu anayejifundisha kazi akiwa amejificha, namwelewa bila kuelezwa sana.

Kalamu inamuingiza box

Sayyid Said alikufa 1856 baharini, akirudi kutoka Muscat. Salme alikuwa na miaka 12, akahesabiwa mtu mzima na kupewa urithi wake: shamba na pesa. Majid akakalia kiti cha Unguja. Miaka mitatu baadaye, 1859, kipindupindu kikamchukua Jilfidan. Sasa Salme ni yatima mwenye mali, miaka kumi na tano, anaishi na dadake Khole, ambaye alimpenda kupita kiasi.

Na Khole alikuwa upande wa Barghash.

Barghash bin Said ni ndugu yao mwingine, kichwa ngumu, aliyeona kiti ni chake. Akapanga kumpindua Majid. Mapinduzi yanahitaji barua: kwa machifu, kwa wauza bunduki, kwa wanaosita. Nani atajua kuandika, anyamaze, na hakuna mtu atamshuku? Msichana wa miaka 15. Salme akawa karani wa njama. Majid, kakake aliyemfundisha farasi, ndiye aliyekuwa anaandikiwa mabaya.

Alikuja kujuta hiyo kitu maisha yake yote. Lakini wakati ule aliingia mzima mzima. Askari walipozingira nyumba ya Barghash, Khole na Salme walienda na wanawake wengine usiku, wakamvalisha Barghash buibui za kike, wakampitisha katikati ya askari kama dada anayerudi nyumbani. Hiyo scene peke yake ni muvi. Barghash akakimbilia shamba lililoitwa Marseilles na watu wake, wakapigana, Majid akaita Waingereza, manowari ikasaidia, na ikaisha. Barghash akasafirishwa Bombay, uhamishoni.

Majid hakuwaadhibu dada zake. Ila mji uliwaadhibu. Wageni wakapotea, wauzaji wakakausha, nusu ya ndugu wakawa hawamsalimii. Salme akahamia mashambani, baadaye nyumba ya Bububu kando ya bahari. Kisha Majid akamwomba hiyo nyumba ya Bububu aiachie konsoli wa Uingereza. Akakubali, akapatana na Majid. Na hapo ndipo Khole na upande wa Barghash wakamkata. Kwao alikuwa amesaliti.

Kwa hivyo anarudi Mji Mkongwe akiwa na miaka ishirini na kidogo, bila mama, bila baba, amekosana na pande zote kwa zamu. Peke yake kabisa. Jirani wake ni Mjerumani.

Jirani

Rudolph Heinrich Ruete alikuwa mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg. Nyumba zilikuwa zimeshikana, na Mji Mkongwe ukishawahi kufika unajua, vichochoro vyake ni vyembamba mpaka mtu wa dirisha hili anasikia kijiko cha dirisha lile. Yeye anaangalia karamu za Wazungu kutoka juu, Rudolph anaangalia juu. Ikaanza hivyo. Mimi siwezi kukuambia walisemezana nini, na yeye mwenyewe alipoandika maisha yake hapo alipita mbio sana.

Katikati ya 1866 alikuwa na ball.

Tuelewane uzito wake. Binti wa Sultan, Mwislamu, hajaolewa, na mwenye mimba ni Mkristo wa kigeni. Kwa sheria ya familia hiyo kosa lilikuwa la kifo. Mji ukaanza kunong'ona. Waingereza wachache wa konsoli wakamwonea huruma, mpango ukafanywa. Agosti ya mwaka huo, inasimuliwa ilikuwa usiku wa sherehe za Mwaka, wakati wanawake wanashuka baharini kuoga na hakuna anayeuliza unaenda wapi, Salme akashuka ufuoni na kuingia mashua. Ikampeleka kwa manowari ya Waingereza, Highflyer, ikang'oa nanga kuelekea Aden.

Rudolph alibaki Unguja kumaliza biashara. Hakuguswa. Niliposoma hiyo nilirudi nyuma kuhakikisha. Chali wa Oharu alikatwa kichwa, wa Salme alibaki anauza bidhaa zake miezi kadhaa, na dem ndiye alikuwa mkimbizi.

Aden alijifungua mvulana, Desemba. Akamngoja Rudolph mpaka tarehe 30 Mei 1867. Siku hiyo moja akabatizwa jina Emily na akaolewa. Wakaanza safari ya Ulaya. Mtoto hakufika. Alikufa njiani, Ufaransa, kabla hata nyanya yake wa Hamburg hajamwona.

Hamburg ni baridi

Kwa miaka mitatu maisha yalikuwa sawa, kwa kiasi. Hakujua Kijerumani. Baridi ilimtesa, chakula kilimtesa, na watu walikuja kumwangalia kama kitu cha maonyesho. Lakini walizaa watoto watatu haraka haraka: Antonie 1868, Said 1869, Rosalie Aprili 1870. Rudolph alikuwa mtu mzuri kwake, hilo analirudia.

Agosti 1870 Rudolph alianguka akishuka kwenye tram ya farasi. Siku chache baadaye alikuwa amekufa.

Mtoto mdogo alikuwa na miezi minne. Mjane ana miaka 25, lugha nusu, dini mpya ambayo baadaye alikiri haikuwahi kumkaa vizuri moyoni. Na hapa ndipo watu wanaodhani Ulaya alienda kupata uhuru wanafaa kusikiza: kule Hamburg mjane hakuachiwa kusimamia mambo yake mwenyewe. Aliwekewa wanaume wasimamizi, wakaamua kuhusu pesa na watoto. Pesa zikayeyuka. Alitoka ukuta wa Mtoni akapata ukuta mwingine, sema huu hauna bahari.

Akahama hama miji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akitafuta mahali pa bei rahisi. Akawa anafundisha Kiarabu nyumba kwa nyumba. Binti wa Sultan anafanya tuition.

Unguja nako Majid alikufa mwaka ule ule wa 1870, na aliyekalia kiti ni nani? Barghash. Yule yule aliyevalishwa buibui na dada zake ili aishi. Salme akamwandikia barua akiomba urithi wake kutoka kwa ndugu waliokufa. Jibu la Barghash lilikuwa kimya. Kisheria alikuwa na pa kusimama, juu mtu akiacha Uislamu harithi tena. Lakini mimi nafikiri haikuwa sheria tu. Alikuwa bado anakumbuka nyumba ya Bububu.

Mwaka wa 1875 Barghash akaenda London kwa ziara ya serikali. Salme akafunga safari akamfuata. Waingereza hawakutaka drama mbele ya mgeni wao, wakamtuma Sir Bartle Frere: usimwone ndugu yako, nasi tutasaidia watoto wako wasome. Mama wa watoto watatu bila ganji atafanya nini? Akakubali. Barghash akarudi Unguja. Ile ahadi ikaliwa, na hakupata chochote.

Miaka kumi baadaye Wajerumani nao wakamkumbuka ghafla. Ilikuwa 1885, Carl Peters ameshazunguka bara akikusanya mikataba, Barghash anapinga, na Bismarck anatafuta sababu ya kumtisha. Na hapa Berlin kuna mama mmoja, raia wa Ujerumani, anayemdai Sultan mali. Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya Unguja, zimeelekeza mizinga ikulu, na Salme akaja na watoto wake kwenye meli yao.

Alikuwa hajaona nyumbani kwa miaka 19. Aliposhuka mjini watu walimjalia njia, wakimsalimia kwa Kiswahili, wengine wakimfuata mpaka ufuoni. Barghash alikasirika na kudinda kumwona. Hiyo ndiyo Oharu kabisa, uko hapo mlangoni kwa damu yako na unapewa ruhusa ya kuangalia jengo.

Barghash aliponyoosha mikono kuhusu bara, Wajerumani hawakuwa na haja na mama tena. Madai yake yakawekwa kando, meli ikamrudisha. Alijaribu tena 1888 baada ya Barghash kufa, akakutana na mlango ule ule chini ya ndugu mwingine, Khalifa. Hakurudi Unguja tena.

Kitabu

Mwaka wa 1886, kati ya hizo safari mbili, alitoa kitabu Berlin, kumbukumbu za binti wa Kiarabu, kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza akiwa mtu mzima. Miaka miwili baadaye kikatoka kwa Kiingereza. Huwa kinatajwa kama maisha ya kwanza kuchapishwa yaliyoandikwa na mwanamke Mwarabu mwenyewe. Kila mtu anayetaka kujua ndani ya jumba la Mtoni walikula nini, walivaa nini, walilia vipi, anarudi kwa huyo msichana wa mfupa wa ngamia.

Na sasa ile niliyosema tutairudia. Kwenye kitabu hicho hicho Salme anatetea utumwa. Anasema wa Mashariki si kama wa Wazungu, na kuhusu watu weusi anaandika maneno ambayo ukiyasoma ukiwa Eastlands unaweka simu chini kwanza. Mashamba yaliyomlea yalilimwa na watu walionunuliwa. Mamake mwenyewe alinunuliwa! Aliona ukuta uliomzunguka yeye, kila tofali, na wale waliokuwa wanambebea maji hakuwaona. Hamburg ilimpa uwanja wenye jina lake 2019, na mwaka uliofuata ikaamuliwa jina litolewe juu ya hayo maneno. Naona walikuwa sawa. Na bado naona tumsome. Ukitaka shujaa msafi, hii si stori yako.

Baada ya 1888 hakutaka kukaa Ujerumani. Akaenda Jaffa, kisha Beirut, karibu na Kiarabu na joto, akakaa huko mpaka vita vya 1914 vilipokaribia. Watoto walikuwa wameshakua. Said, mvulana, alikuja kuandika kitabu kuhusu babu yake Sultan, kikatoka 1929. Mwishoni kabisa mwa maisha ya Salme, Unguja ikamtengea pensheni ndogo. Ndogo, na amechelewa kuila.

Alikufa tarehe 29 Februari 1924 mjini Jena, kwa nimonia, akiwa na miaka 79. Akazikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, kando ya Rudolph. Inasemekana waliweka na mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja aliokuwa amebeba miaka hiyo yote.

Kwa vitu alivyoacha kulikuwa na rundo la karatasi ambazo hakuwa amechapisha. Ni barua, ndefu, za kumwelezea rafiki wa nyumbani kila kitu kuhusu Ulaya: theluji, mazishi ya mume, wasimamizi, njaa, aibu ya kuomba. Hazikuwahi kutumwa. Rafiki mwenyewe hana jina. Zilikaa zaidi ya miaka sitini baada ya yeye kufa ndio zikachapishwa.

Ukifika Unguja, daladala za Bububu zinapita Mtoni. Magofu ya jumba bado yako hapo, ufuoni, na kuta zingine bado zimesimama.